Ombi la habeas corpus likikataliwa Marekani: cheti kwanza, rufaa baadaye

Ndugu wa wafungwa wengi huamini kwamba ombi la habeas corpus, yaani la kuitaka mahakama ipime kama kifungo ni halali, likitupwa, rufaa inafuata yenyewe. Katika mahakama za shirikisho za Marekani sivyo. Mtu aliyefungwa na mahakama ya jimbo, jaji wa wilaya wa shirikisho akimkatalia, hana budi kupata cheti cha ruhusa ya kukata rufaa. Asipokipata, majaji wa rufaa hawazigusi hoja zake, hata ziwe nzito vipi. Sharti hili lilikazwa na sheria ya 1996, ambayo pia ilimpa mfungwa mwaka mmoja tu wa kufungua ombi lenyewe.

Ili apewe cheti, mfungwa huonyesha kwamba kuna haki yake ya kikatiba iliyokiukwa, na kwamba majaji wenye busara wangeweza kubishana kuhusu uamuzi uliomkatalia. Hatakiwi kuthibitisha kuwa atashinda. Mwaka 2017, katika kesi ya Duane Buck wa Texas, Mahakama Kuu ya Marekani iliikosoa mahakama ya rufaa kwa kuipima kesi nzima kwanza, kisha kumnyima cheti kwa hoja kwamba asingeshinda. Kama ombi lilitupwa kwa kasoro ya utaratibu, tuseme kuchelewa, mfungwa ana mizigo miwili: aonyeshe kuwa dai lake la kikatiba lina ubishi, na kasoro hiyo nayo ina ubishi.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kurundika malalamiko yote tangu siku ya kukamatwa. Cheti hutaja hoja mahususi, na rufaa husikilizwa kwa hizo tu. Bora hoja mbili zilizoshiba.

Lakini wengi hawafiki hata huko, kwa sababu ya kalenda. Notisi ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu iingizwe kwenye kumbukumbu za mahakama. (Aliyefungwa na mahakama ya shirikisho, anayepinga hukumu yake kwa njia inayofanana na hii, ana siku 60.) Notisi ni karatasi fupi: nani anakata rufaa, dhidi ya uamuzi upi, kwenda mahakama ipi. Usisubiri cheti ndipo uitume. Hata jaji akikutolea cheti siku hiyo hiyo, notisi bado inadaiwa. Na jaji wa wilaya akikunyima, unakiomba kwa mahakama ya rufaa. Kumwomba yeye afikirie upya suala la cheti hakukuongezei hata siku moja.

Kuna afueni moja. Tangu kesi ya Houston dhidi ya Lack ya 1988, notisi ya mfungwa asiye na wakili huhesabiwa siku alipoikabidhi kwa maofisa wa gereza, si siku karani alipoipiga muhuri. Kwa hiyo itumwe kwa mfumo wa barua za kisheria wa gereza, ikiambatana na tamko lenye tarehe ya kuikabidhi na kwamba stempu imelipiwa.

Tarehe uzihesabu mwenyewe. Keith Bowles, mfungwa wa Ohio, alichelewa, akaomba muda wake ufunguliwe upya. Kanuni iliruhusu siku 14. Jaji akampa 17, akiandika mwisho ni Februari 27, 2004. Bowles akawasilisha tarehe 26. Mwaka 2007 Mahakama Kuu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema amechelewa, kwa kuwa jaji hana uwezo wa kuongeza muda uliowekwa na sheria. Binafsi naona waliopinga walikuwa na haki, lakini huo ndio msimamo uliopo.

Kupewa wakili wa kukutetea anayelipwa na serikali si haki katika hatua hii, isipokuwa kwa waliohukumiwa kifo. Mahakama ya rufaa ikikataa cheti, zimebaki siku 90 za kuiomba Mahakama Kuu isikilize. Kufungua ombi jipya juu ya hukumu ileile kunahitaji ruhusa ya mahakama ileile ya rufaa, na dai lililokwisha kuletwa katika ombi la kwanza halipokelewi tena.