Spana boi hana haki? Yanayosemwa kuhusu kujifunza ufundi gereji, na yalivyo

Nafanya kazi kwenye gereji iliyo kando ya barabara ya Malaba kwenda Tororo, Uganda, pale malori ya kutoka Mombasa yanapovuta pumzi baada ya kuvuka mpaka. Lugha yetu ni Kiswahili, maana dereva wa leo ni Mkenya, wa kesho Msoga, wa keshokutwa Msomali. Siku hizi mimi ndiye ninayepokea vijana wanaokuja kujifunza, tunaowaita spana boi, na kila mmoja huja na maneno aliyojazwa nyumbani. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Miezi ya kwanza ni kuosha vyuma tu, hujifunzi kitu."

Kuosha utaosha, hilo usijidanganye. Utapewa karai la dizeli, brashi na rundo la vyuma vyeusi tii, na Jumapili kanisani bado mikono itanuka. Ila tazama unachokiosha. Chukua metali za koni rodi za injini ya lori, yale mabamba ya nusu duara yanayokaa kati ya mkono wa pistoni na kranki. Zikiwa za kijivu kote, zina uhai. Ukisugua ukaona wekundu wa shaba unachungulia, ujue tabaka la juu limelika, na yule dereva aliyesema "inagonga kidogo tu" amechelewa. Kijana aliyeosha metali mia moja anaijua rangi hiyo kabla hajaruhusiwa kufunga hata bolti moja ya injini. Fundi atamwita, "Wee, njoo uone hii," na hilo ndilo somo. Litachukua dakika mbili na huenda lisirudiwe. Ukiwa kwenye simu, limekupita.

Kwenye karai hilohilo ndiko unakojifunza kubaki na vidole vyako. Beringi ukishaiosha, usiizungushe kwa hewa ya kompresa, hata mlio wake ukikufurahisha namna gani, kwani inaweza kupasuka ikarusha vipande. Betri nayo, anza kufungua waya wa hasi. Ukianza na wa chanya halafu spana ikagusa bodi, umeme wote unapita kwenye hiyo spana. Mimi nilianza na wa chanya, tena nikiwa na pete. Alama ipo mpaka leo, na nikifika kazini pete huingia mfukoni.

Sasa, kuna kuosha na kuna kutumikishwa. Kabla sijaja hapa nilikaa kwa fundi mmoja miezi minane, nikimletea chai, nikienda kumchotea maji mkewe, na injini nikiziona kwa mbali kama mgeni. Kipimo changu ni rahisi: baada ya miezi mitatu, je, kuna kazi moja unayoweza kufanya peke yako, iwe kubadili oili na filta au kurekebisha breki? Kama hakuna, muulize fundi wako. Akikujibu kwa matusi, tafuta gereji nyingine.

"Gereji ni ya walioanguka S4 (kidato cha nne)."

Wanaosema hivi hawajawahi kufunga silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Bolti zake hukazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, na kwenye injini nyingi za sasa hatua ya mwisho ni kuongeza nyuzi 90 juu ya kipimo cha torki, yaani nguvu ya kukazia. Wakati wa kufungua unageuza, unaanzia pembeni. Ukikosea, hedi inapinda na gasketi inaungua. Hata spana zina hesabu yake. Kwenye Toyota utashika zaidi namba 10, 12 na 14, lakini ukiletewa gari la Mjerumani, 12 yako itakuwa ndogo kwa bolti inayotaka 13, na 14 itacheza hadi iharibu kichwa cha bolti. Daftari dogo mfukoni litakusaidia kuliko misuli.

"Spana boi si mfanyakazi, sheria haimhusu."

Si kweli. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamhesabu mwenye mkataba wa uanagenzi kuwa mwajiriwa, na mkataba wenyewe waweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Inamtaka pia mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu uanze. Ni gereji chache zinazofanya hivyo, nakubali. Ndiyo maana siku ya kwanza njoo na mzazi au mjomba, muongee wote watatu: utakaa muda gani, chakula cha mchana juu ya nani, ukiumia nani anakupeleka hospitali.

Kwenye mshahara, usitegemee sheria ikubebe. Kima cha chini kilichomo kwenye vitabu ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984. Leo hizo ni rolex (chapati ya mayai) mbili tatu na soda. Wengi huanza na posho ya mchana tu, na bakshishi ya dereva akiridhika. Elewaneni mapema.

"Nimelipa ada, basi fundi lazima anifundishe kila kitu."

Ada inakufungulia geti. Fundi analipwa na mwenye gari anayesubiri, kwa hiyo usingoje mhadhara. Uliza wakati wa chai.

"Bila chuo hupati cheti, kwa hiyo unapoteza muda."

Hili linawakatisha tamaa wengi bure. Uganda ina utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa hati ya ujuzi wake, inayoitwa Worker's PAS. Ilianzia kwenye DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya ufundi, na baada ya Sheria ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya 2025 kazi ya kupima na kutoa vyeti iko chini ya UVTAB, bodi ya taifa ya kupima ufundi. Unapimwa kwa vitendo, sehemu kwa sehemu, na hati inaonyesha zile ulizozimudu. Dereva aliyekwama usiku wa manane hataiuliza. Kampuni yenye malori ishirini itaiuliza kabla haijakuuliza jina.

Kijana wangu mmoja anajiandaa kupimwa. Jioni nikifunga geti namkuta amewasha tochi ya simu, giaboksi ya zamani iko wazi juu ya gunia, anaipanga tena kwa mara ya nne, na shimu moja, kibati chembamba cha kujaza nafasi, imebaki mkononi hajui ya wapi. Sijamwambia.