Kazi ya chinichini iandike ukijua itakatwa

Niliwahi kuandika app ya mauzo ya maduka madogo. Unauza hata bando likiwa limeisha, mauzo yanakaa kwenye simu, mtandao ukirudi kazi ya chinichini (ile app inayoifanya bila mtu kuifungua) inayapeleka kwenye seva. Wiki ya pili mama mmoja akanipigia: "Mwanangu, mbona hesabu yako inasema nimeuza mifuko minne ya sukari? Mimi nimeuza miwili."

Nikahangaika siku mbili. Kumbe simu ilituma, seva ikapokea na kuandika, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi. Simu ikaona kimya, ikatuma tena.

Kosa lilikuwa langu: namba ya muamala ilikuwa inatolewa na seva. Siku hizi naitoa kwenye simu, palepale mtu anapobonyeza "Hifadhi", kwa kutumia UUID, yaani namba ndefu ya kubahatisha ambayo haigongani na nyingine. Seva ikiiona namba ileile mara ya pili inajibu "nimeshapata" na haiandiki kitu. Itume hata mara kumi, mifuko inabaki miwili.

Nasisitiza hili kwa sababu kukatwa si bahati mbaya, ndiyo kawaida yenyewe. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 kuna Doze: simu ikilala mezani bila chaja, mfumo unaahirisha kazi zako. WorkManager, maktaba ya Android ya kupanga kazi za chinichini, haikubali kazi ya kujirudia chini ya kila dakika 15, na hata hizo 15 ni makadirio tu. Kazi ya kawaida ikizidi dakika 10 inasimamishwa. iPhone ni bahili zaidi: kusasisha data chinichini unapewa kama sekunde 30, na mtumiaji akiifunga app kwa kuitelezesha juu, husikii kitu hadi aifungue tena mwenyewe.

Ndiyo maana "kwangu inafanya kazi" haina maana hapa. Simu yako imechomekwa USB, inakula chaji, Doze haingii kabisa! Ilazimishe iingie Doze kwa adb, chombo cha kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta:

adb shell dumpsys battery unplug
adb shell dumpsys deviceidle force-idle

Kisha tazama kinachobaki hai. Ukimaliza, usisahau kurudisha betri kwa "adb shell dumpsys battery reset"; mimi nimesahau mara nyingi.

Kwenye kompyuta kuna nafuu, ila laptopi hufunikwa ikalala. Task Scheduler ya Windows, inayoendesha kazi kwa saa uliyopanga, ikipitwa na saa yake haiirudii kazi, mpaka uweke tiki ya kuiendesha mapema iwezekanavyo baada ya kupitwa. Tiki hiyo haiji ikiwa imewekwa.

Na mzigo ukiwa mkubwa, ukate. Mimi natuma mauzo hamsini-hamsini, kila fungu likipokelewa naweka alama kwenye hifadhidata ya simu. Ikikatwa kwenye fungu la saba, inaanzia la saba.