Bamba la nje si urembo tu

Kampuni ikiwaita wenye magari wayarudishe kwa sababu ya kipande cha bodi, wengi hucheka: injini nzima, breki zinashika, sasa bamba la nje linamdhuru nani? Linamdhuru aliye nyuma. Mwaka 2025 Tesla iliita zaidi ya magari 46,000 aina ya Cybertruck nchini Marekani, kwa sababu bamba refu la chuma cha pua kwenye ukingo wa paa lilishikizwa kwa gundi inayoweza kukakamaa na kuachia. Chuma hicho kikibanduka gari likiwa kwenye mwendo mkali, mwendesha pikipiki anayefuata hana pa kukwepea. Dereva mwenyewe huenda akasikia kelele tu, au akakuta bamba limeanza kuachana na bodi. Marekebisho ni bamba jipya, gundi ya aina nyingine, na safari hii boliti ya kuchomelea yenye nati. Kwangu mimi, nati ilistahili kuwepo tangu mwanzo.

Na gari halinyang'anywi, kama wengine wanavyodhani. Unalipeleka kwa watu wa kampuni, linatengenezwa bila malipo, unaondoka nalo.