Bethdei ya mtoto wa miaka miwili nyumbani: tunayoambiana na yaliyo kweli

Mtoto akikaribia kutimiza miwili, simu ya mama yake haitulii. Shangazi anauliza rangi ya sare, jirani ana namba ya mpambaji, bibi anataka kujua pilau litapikwa la kilo ngapi. Ushauri mwingi unaomiminika hapo unahusu macho ya watu wazima. Mtoto mwenyewe ana usingizi wake, kinywa chake na woga wake, na hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua kama sherehe itakwenda vizuri. Naongelea sherehe ndogo, uani au sebuleni, yenye mada moja nyepesi.

"Bila mpambaji hakuna mada"

Mada ni kitu kimoja anachokipenda mtoto sasa hivi, kikaonekana kwenye keki, kwenye mchezo na kwenye ukuta wa kupigia picha. Yatosha. Mtoto wa Dar es Salaam anayenyoosha kidole na kupiga kelele kila daladala likipita ameshakuchagulia mada, na haina gharama.

Tafuta boksi kubwa la friji; wenye maduka ya vyombo vya umeme hufurahi kuondolewa. Lilaze, kata upande wa juu wote uondoke, toboa madirisha ubavuni, kisha bandika mkanda wa karatasi kwenye kingo zote ulizokata, maana boksi gumu hukwaruza ngozi. Paka rangi nyeupe ya maji, boksi likauke usiku kucha. Zungushia mstari wa rangi kama ule wa ruti ya kwenu, sahani nne za karatasi ziwe magurudumu, na mbele uandike jina la mtaa wenu na "Kwa Bibi". Ndani weka mto mmoja au miwili. Mjomba mmoja mwenye sauti awe konda: aite abiria, akusanye tiketi za karatasi, agonge ubavuni gari liondoke. Konda wa kweli huchezesha sarafu mkononi, lakini hapa sarafu zibaki mfukoni, kwa kuwa mtoto wa umri huu chochote akipatacho hukipeleka kinywani.

Keki nayo ikiwa ya mstatili, yenye biskuti nne za mviringo ubavuni, tayari ni daladala. Kama mwanao ni wa kuku na mbuzi, au wa samaki na mashua, kanuni ni hiyohiyo.

Fedha ambayo ningeizuia kabisa ni ya kumkodi mtu aliyevaa vazi la katuni lenye kichwa kikubwa. Wazazi hudhani mtoto atafurahi kwa sababu humpenda katuni huyo kwenye televisheni. Kwenye televisheni ana urefu wa kiganja. Akitokea mlangoni na urefu wa mlango, macho hayapepesi na mdomo hausogei, watoto wengi wa miaka miwili huangua kilio, na wakishaanza wawili, wote hufuata.

"Alika wengi, watoto wacheze pamoja"

Mtafiti wa Marekani Mildred Parten alichapisha mwaka 1932 uchunguzi wake wa jinsi watoto wadogo wanavyocheza, na jambo alilolieleza utaliona kwenye mkeka wowote: watoto wa miaka miwili hucheza ubavu kwa ubavu, kila mmoja na lake, zaidi ya kucheza wao kwa wao. Kushirikiana mchezo wenye kanuni huja baadaye. Kwa hiyo mashindano ya kukimbilia viti hayana maana hapa, yataleta vilio tu. Watoto watatu au wanne wanatosha, na kinachowatuliza ni vitu vingi vya aina moja ili asikose mtu: vikombe sita vinavyofanana, chaki nene za kuchorea sakafu ya uani, beseni la maji na vijiko.

Beseni liwe na mtu mzima aliyekaa kando yake, si anayepitapita. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha mtoto mdogo, na kuzama hakuna kelele. Mchezo ukiisha, mwaga.

"Sukari ndiyo inayowapandisha mori"

Hii huaminiwa na karibu kila mtu, hata walimu wa chekechea. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ambayo watoto na wazazi hawakujua nani kapewa sukari na nani kapewa kitu kingine kitamu. Sukari haikubadili tabia za watoto. Mwaka mmoja kabla yake kulikuwa na jaribio la kuchekesha kidogo: akina mama waliambiwa watoto wao wamepewa sukari nyingi, ilhali hawakupewa hata chembe. Waliwaona watoto wao watundu zaidi kuliko akina mama ambao hawakuambiwa hivyo walivyowaona wa kwao.

Wanachopagawa nacho ni spika, wageni, na kukosa usingizi wa mchana. Sukari ina makosa yake mengine, meno yakiwa la kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 wa kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23, linasema vinywaji vya kuongezwa sukari wasipewe. Soda na juisi za pakiti ziwe za wakubwa. Mtoto apewe maji, na kipande cha keki akile kwa raha zake. Na kama kuna mgeni ambaye hajatimiza mwaka, asilambishwe asali hata kidogo: inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta ugonjwa hatari wa botulizimu kwa wachanga.

"Bisi, karanga na maputo: hivyo ni vitu vya watoto"

Hapa ndipo ningeomba msomaji asiruke mstari. Njia ya hewa ya mtoto mdogo ina upana wa karibu mrija wa soda. Bisi, karanga nzima, pipi ngumu, zabibu mbichi nzima na soseji iliyokatwa miduara ni vya ukubwa hasa wa kuiziba. Mtoto wa chini ya miaka minne hapaswi kupewa bisi wala karanga nzima, hata kama kaka yake anakula. Zabibu zipasuliwe vipande vinne kwa urefu, na soseji pia ikatwe kwa urefu iwe vijiti vyembamba. Ndizi mbivu, embe laini, chapati laini iliyochanwachanwa, vitumbua, yai lililochemshwa na kukatwa, viazi vilivyopondwa na nyama ya kusaga: menyu imetimia. Na wale wakiwa wamekaa. Anayekimbia na andazi mdomoni ndiye anayepaliwa.

Puto la mpira linaonekana kama kitu kisicho na madhara kuliko vyote, na watu huwapa hata watoto wadogo walichezee chini. Marekani pakiti za maputo ya aina hiyo zinatakiwa kisheria kuwa na onyo kwamba mtoto wa chini ya miaka 8 anaweza kukabwa na puto lisilojazwa au lililopasuka. Kipande cha mpira hunata kooni, na kukitoa ni shida. Yafunge juu yasikofikiwa na mkono, na moja likipasuka okoteni vipande kabla ya kuendelea na wimbo.

Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kuvuta pumzi, mwinamishe mbele umpige mara tano kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega. Kilichokwama kisipotoka, na kama ametimiza mwaka, simama nyuma yake umbane tumbo mara tano, ngumi ikiwa juu ya kitovu, ukivuta ndani na juu. Chini ya mwaka mmoja tumbo halibanwi. Kandamiza kifua kwa kisigino cha kiganja kimoja, mara tano. Rudia kwa zamu huku mwingine akitafuta msaada. Usiingize kidole kooni kwa kubahatisha, utasukuma zaidi.

"Bethdei ni saa nane mchana"

Kadi inasema saa 8, wageni wanafika saa 10, keki inakatwa saa 1 usiku, na mwenye siku yake analala begani kwa baba akiwa na kofia ya karatasi. Watoto wa mwaka mmoja hadi miwili wanahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Hayo ni ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019. Weka saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana. Jua bado lina heshima, mtoto ameamka vizuri, na saa mbili ni uvumilivu wake wote. Ndugu wanaochelewa waambie saa 3. Keki ikatwe mapema, ndani ya saa ya kwanza.

"Lazima alishe keki wote, na amwagiwe maji"

Kulishana keki ni desturi yetu na inapendeza kwenye harusi. Kwa mtoto wa miaka miwili, foleni ya watu ishirini, kila mmoja na pozi lake la picha, ni adhabu. Alishe wazazi na bibi, wengine wapate sahani. Vile vijiti vya meno vinavyochomekwa kwenye vipande vya keki vitoeni kabisa, watumie mikono. Kumwagiana maji kuachwe kwa wenye umri wa kucheka baada ya kumwagiwa. Huyu ataona kwamba watu anaowaamini wamemgeukia.

"Hatakumbuka, kwa nini ujisumbue?"

Kweli, watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya kabla ya miaka mitatu hivi. Lakini siku yenyewe anaiishi, na kucheka anacheka. Nakubaliana na wabishi kwenye jambo moja tu: asiyekumbuka hahitaji mkopo. Wapo pia wasemao haya ni mambo ya kizungu. Keki yenye mishumaa ndiyo, inajulikana Ujerumani tangu karne ya 18. Kuwakusanya watu nyumbani kwa ajili ya mtoto ni kwetu. Pwani kuna akika na arobaini kabla hata ya hiyo keki kufikiriwa. Na kama kuna jirani ambaye imani yake haina bethdei, mpelekee sahani bila maneno.

"Chakula kilichobaki wafungie wageni"

Ukarimu mzuri, ila joto halina adabu. Nyama, kuku, mayai na keki ya kremu visikae mezani zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, kama Dar es Salaam ya Januari, saa moja tu. Anayeondoka saa 6 na kuku aliyetengwa saa 4 anabeba tatizo, hasa kama mlaji ni mtoto. Pakua vya kufunga mapema, kabla ya kuandaa meza, uviweke kwenye friji ndani ya makopo yenye vifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea Tanzania iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, Kenya ikitangulia Agosti 2017, kwa hiyo mwambie kila mgeni aje na kikapu chake.