Seli za kinga hubadilika wakati wa kutenganishwa maabara

Ukisikia kwamba seli za kinga za wagonjwa fulani "zimeamka" kuliko za watu wenye afya, uliza kwanza zilitolewaje kwenye damu. Wengi huiona kazi hiyo kama maandalizi tu. Lakini kazi ya seli hizi mwilini ni kuhisi kilicho kigeni, na maabara yote ni kigeni kwao.

Njia iliyozoeleka, aliyoieleza Arne Bøyum wa Norwei mwaka 1968, hutumia densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake. Damu humiminwa taratibu juu ya kimiminika chenye densiti ya takriban gramu 1.077 kwa mililita, kisha huzungushwa kwenye sentrifuji. Limfosaiti na monosaiti, ambazo ni aina mbili za seli za kinga, hubaki juu. Chembe nyekundu na neutrofili, aina nyingine ya seli za kinga, huzama. Damu ikicheleweshwa, densiti ya baadhi ya neutrofili hupungua, nazo hubaki juu pamoja na limfosaiti na kuzubaisha seli T, ambazo ni aina ya limfosaiti. Mtafiti ataandika kwamba kinga ya mgonjwa imelegea, kumbe sampuli ililala mezani.

Neutrofili zenyewe zina hasira za karibu. Kuzungushwa, kutolewa kwenye baridi kwenda kwenye joto, au dawa ya kupasua chembe nyekundu huweza kuziamsha: hudondosha protini ya CD62L na kuongeza ile ya CD11b. Monosaiti nazo huamshwa na kushikamana na plastiki tu, achilia mbali mabaki ya sumu za bakteria kwenye vimiminika.

Kuna pia njia ya kutenganisha kwa chembe za sumaku zilizofungwa kingamwili, yaani protini inayoshika alama fulani juu ya seli. Ukinasa seli unazozitaka, kingamwili hubaki juu yake. Kama imeshika CD3, ambayo ni sehemu ya kipokezi cha seli T, huenda umeziamsha kabla jaribio halijaanza. Mimi hupendelea kunasa zisizotakiwa na kuziacha nyingine bila kuguswa, ingawa usafi wa sampuli huweza kupungua kidogo.

Kwa vipande vya tishu mambo ni magumu zaidi. Vimeng'enya vinavyotumika kuachanisha seli hukata pia protini za juu yake, na katika nyuzi joto 37 jeni kama FOS na JUN, ambazo huitikia msukosuko wa seli, huwaka kazi ikiwa inaendelea.

Hivyo sampuli za wagonjwa na za watu wenye afya zipite njia moja, kwa muda uleule. Inapowezekana, sehemu ya damu ipimwe nzima, bila kutenganishwa, ili matokeo hayo mawili yalinganishwe.