Kuchaji gari la umeme Arusha na Moshi: mambo ya kujua kuhusu chaja za umma

Kila tukiwa kwenye maonyesho, hasa Nanenane pale Themi, swali linaloongoza kwenye banda letu la umeme ni hili: nikinunua gari la umeme nikatoka Arusha kwenda Dar, chaji ikiniishia Mombo nafanyaje? Ni swali la msingi kabisa, mana mtu anataka kuweka hapo hela aliyoidunduliza miaka, kwahiyo ngoja tulijibu vizuri.

Wenzetu wameshakimbia sana. Mwisho wa 2024 chaja za umma duniani zilikuwa zimepita milioni tano na zaidi ya nusu ziko China, Norway mwaka huohuo karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Kwa majirani, Ethiopia 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi ya mafuta, na Kenya tangu 2023 wana bei maalum ya umeme wa kuchajia, usiku inashuka zaidi. Sisi mtandao wa chaja bado mchanga, na hapa ndo pa kuwa makini, mana wengi wanadhani tunatakiwa tujaze chaja za haraka kwenye kila sheli kuanzia Kisongo mpaka Himo. Sikubaliani na hilo. Gari la mtu wa kawaida linalala nyumbani usiku kucha, mchana limepaki ofisini au sokoni masaa kibao, hapo ndo pa kulichaji taratibu. Hata zile Land Cruiser za watalii zilizotolewa injini zikawekewa mota, ambazo zipo Serengeti tangu 2018, zinachajiwa kambini kwa sola zikiwa zimepumzika. Chaja za haraka tuziweke barabara kuu, Same, Korogwe, Chalinze, kwa anayesafiri kweli. Arusha mpaka Dar ni kama kilomita 640, na gari nyingi za bei ya kati haziwezi kuimaliza bila kusimama.

Sasa kwa nini nasema tusizitawanye hovyo? Chaja moja ya haraka ya kilowati 50 inakula nusu ya transfoma ya kVA 100, ambayo mtaani inalisha nyumba nyingi tu. Ukiweka mbili umeimaliza, kwahiyo kituo lazima kiwe na transfoma yake na laini kubwa isogezwe, na hiyo gharama watu huwa hawaipigii hesabu kabisa. Umeme wenyewe kitaifa upo, Bwawa la Nyerere peke yake ni megawati 2,115, ila liko Rufiji na sisi tuko mwisho wa laini. Machi 2025 Rais Samia alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kaskazini, sababu ni umeme unaopotea njiani ukitokea kusini.

Kuna suala la vichwa vya waya wa chaji pia, na hili linaumiza watu kimya kimya. Gari lililotumika kutoka Japani, mfano Nissan Leaf, kichwa chake cha chaji ya haraka ni CHAdeMO, gari la China linakuja na GB/T, la Ulaya CCS2. Havichomekani. Unaweza kufika kituoni chaja inawaka vizuri na bado usiweze kuchaji. Kabla hujalipia gari muombe muuzaji picha ya tundu la chaji, afu uliza kituo unachokitegemea kina kichwa gani.

Na chaja kuwepo haimaanishi inafanya kazi. 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walizungukia vituo vya eneo la San Francisco wakakuta karibu robo ya vichwa vya chaja za haraka haviwezi kuchaji, skrini imekufa, malipo yanagoma, hapo ni Marekani. Uingereza wakaamua kuweka kanuni, chaja za haraka za kila kampuni ziwe zinafanya kazi asilimia 99 ya muda. Natamani sana na sisi tuanze na sharti kama hilo mapema, pamoja na sharti la angalau chaja mbili kila kituo, mana ikiwa moja na imekufa pale Same, mama mwenye watoto ndani ya gari anaenda wapi?

Tuje kwenye hesabu za huku kwetu. Gari dogo linakula kama uniti 15 au 16 kwa kilomita 100, kwahiyo Arusha Moshi, kilomita 80, ni uniti 12 hivi. Ila Arusha iko juu kuliko Moshi kwa karibu mita 550. Kwa gari la kilo 1,600 kupanda huko tu kunakula karibu uniti mbili na nusu za ziada, wakati ukishuka unatumia kidogo na breki zinarudisha kiasi kwenye betri. Kwahiyo usiione asilimia uliyofikia nayo Moshi ukadhani itakurudisha vilevile. Na ukichaji kwa haraka ishia asilimia 80, kuanzia hapo betri inapokea polepole kama daladala ya wawili wawili ikitafuta pa kumbana abiria wa mwisho, na nyuma yako kuna mtu kwenye foleni.

Vijana wa bodaboda na bajaji, nyie ndo mtatangulia na kwenu kubadilisha betri kituoni kunafaa kuliko kusubiri. Ila anayechajia nyumbani ajue kitu. Ukitumia uniti tatu kwa siku, mwezi ni uniti 90, na tarifu ya matumizi madogo mwisho wake ni uniti 75. Ukivuka unahamishwa, uniti inakuwa kama sh 356. Bado ni nafuu ukilinganisha na petroli, ila piga hesabu kwa bei hiyo.

Kwa wenye gari: chaja ya plagi ya kawaida inavuta ampia 10 au zaidi masaa kumi mfululizo, pasi au jiko la umeme haliwaki hivyo. Usitumie ekstensheni wala ile adapta ya sokoni. Baada ya nusu saa gusa plagi, ikiwa ya moto sana mpaka huwezi kuishika, zima kwenye swichi kwanza ndo uchomoe. Angalia upande wa fyuzi, plastiki ikiwa imegeuka kahawia au inanuka ujue soketi imelegea au waya ni mwembamba. Mwite fundi mwenye leseni akuvutie waya wake peke yake kutoka meni swichi, wenye ethi na breka yake.