"Mtumishi" si cheo

Juzi tena. Kijana kanifuata baada ya darasa la kipaimara, kanambia: "Mwalimu, mtumishi hakosolewi. Imeandikwa, msiwaguse masihi wangu." Huyo ni wa nne tangu Kwaresima ianze. Basi leo naandika, angalau nipumue.

Aya ni Zaburi 105:15. Hebu anzeni mstari wa 9. Wanaosemwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo: watu wachache, wageni, wanatangatanga toka taifa hata taifa. Wanaokemewa ni wafalme. Ngao ya asiye na kwao leo kaishika mwenye kiti cha mbele.

Wanafunzi wa Yesu, Yakobo na Yohana, kumwomba viti vya kulia na kushoto kwake mnakujua, sikurudii. Kinachoniudhi ni hili neno "mtumishi". Kigiriki cha Marko 10:43, Yesu anapowajibu, ni diakonos, yule anayeandalia wenzake chakula wakati wao wamekaa. Sisi tumelitanguliza mbele ya jina kama "Mheshimiwa". Mmoja nilimwita "ndugu" tu, akanuna mpaka baraka ya mwisho.

Mstari wa 44 unazidi: doulos, mtumwa. Hapa Mkunazini, Zanzibar, neno hilo halitamkwi hivi hivi. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na tunasimuliana kwamba altare ya kanisa kuu iko pale pale uliposimama mti wa kuwachapia. Nikifika "atakuwa mtumwa wa wote", ulimi unakuwa mzito, maana walio chini wameshasomewa sana aya hii ili wabaki huko huko. Lakini Yesu alikuwa akisema na anayetaka kuwa wa kwanza. Aliye wa mwisho hakuambiwa ashuke tena, angeshuka wapi?

Ila yapo yanayonishinda. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, aliongoza mwenyewe wapagazi wa Zanzibar huko bara, na cheo cha meja juu. Alikuwa akitumika au akiamrisha? Kila nikikata shauri, nalibadili.

Na Alhamisi Kuu je? Kumi na wawili wa kuoshwa miguu huja wameshaisugua nyumbani na kuipaka mafuta. Mwaka jana mmoja hakutokea, akaitwa hamali wa Darajani aliyekaa nyuma kabisa. Maji ya beseni yakageuka rangi. Padri akaomba mengine, akainama tena kwenye kisigino kile kile, na viti vya mbele wakaanza kutazama saa.